Ng'ombe Huyu wa Nani?

Mheshimiwa Bwana Shauri wa wilaya yetu, uliyeacha moto wa ofisini ukaja kusimama nasi kwenye baridi hii ya Julai, Bwana Mifugo, Chifu wetu pamoja na wazee wako wa baraza, Mchungaji, na wewe Padri uliyepanda mlima kwa pikipiki tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa kutoka Igawa na Iringa, wazee wenzangu wa Ilomba, akina mama mlioleta vibuyu, vijana mliokaa juu ya ukuta wa josho ingawa mmekatazwa mara tatu, na ninyi ng'ombe mlio nyuma ya lango, ambao bila ninyi leo kusingekuwa na sherehe wala mimi nisingekuwa na kazi: mugonile. Nawasalimu nyote, na niliyemsahau ajihesabu nimemtaja wa kwanza.

Karani Didas wa ofisi yetu ameniandikia hotuba nzuri sana. Ninayo hapa mfukoni. Ina mistari kumi na miwili, na neno "maendeleo" limo mara saba. Nilimwahidi nitaisoma. Didas, mwanangu, unisamehe, miwani nimeisahau kwenye lori. Naona anatikisa kichwa, kwa sababu anajua sijawahi kuvaa miwani.

Bwana Shauri, barua yangu ya kustaafu imekwisha kugongwa muhuri, na nasikia muhuri wa Serikali haufutiki kwa mate. Kwa hiyo leo nitasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa miaka ishirini na minane nimesema kwa midomo ya watu wengine. Mzungu alisema, nikageuza. Mwenye ng'ombe alijibu, nikageuza. Nimegeuza maneno mengi kuliko mama anavyogeuza chapati. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza, "Na wewe Lutengano, wasemaje?" Nadhani hata mimi nilisahau kujiuliza.

Tangu asubuhi mmekuwa mkiniuliza, "Bwana Sindano, mbona mizigo hujashusha?" Kweli, lori lile pale barabarani limebeba sanduku langu, godoro, sufuria mbili na kiti kimoja. Dereva wangu Mika ameambiwa angoje mpaka sherehe iishe. Na pale langoni, wa mwisho kabisa kwenye mstari, mmemwona mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na nimewasikia mkiulizana ni wa nani. Nitafika huko. Nipeni nafasi, mimi ni mtu wa kwenda kwa mwendo wa ng'ombe.

Kwanza niisifu kazi, maana sherehe bila sifa inakuwa matanga.

Baba yangu alikuwa kijana sotoka ya kwanza, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe, ilipopita huku, kabla Mjerumani hajaweka jiwe la boma lake. Alikuwa akituhadithia kwamba asubuhi moja aliamka akasikia kimya, na kile kimya ndicho kilichompa habari. Zizi la ng'ombe thelathini, wakabaki wawili. Aliwalea wale wawili mpaka wakawa kundi. Kisha vikaja vita vya Wazungu, wenye bendera ile wakapita wakachukua nyama, wakakimbia. Wenye bendera hii wakapita wakachukua waliosalia. Wote wawili walisema asante. Baba akaanza tena, na mtamba mmoja.

Basi mimi mtoto wa mtu huyo nilipoona kwa macho yangu sindano ikimwokoa ng'ombe na sotoka, nililia, wala sioni haya kusema. Nikaomba kazi siku ile ile. Serikali ilileta dawa, naisifu. Imetuletea na josho hili tunalolifungua leo ili kupe wasituletee ndigana, naisifu, na saruji yake ni nzuri, nimeigonga mwenyewe kwa ufunguo.

Naisifu pia karantini ya Igawa, ambako nilikaa miaka minne nikiangalia barabara. Ng'ombe wa Usangu wakikohoa, njia ilifungwa, na mwenye mahari alibaki upande huu na bibi harusi akabaki upande ule. Najua ndoa mbili zilizokufa pale kwa kikohozi cha fahali mmoja. Lakini ugonjwa haukupita, na hilo nalo ni kweli.

Nausifu vilevile uzio wa mashamba ya walowezi kule upande wa Iringa. Nguzo zimenyooka, na nyasi za ndani zinafika kiunoni. Katika miaka yote ya kuhesabu mifugo na kuipunguza ili ardhi isichoke, sikutumwa hata siku moja kuuruka uzio ule nihesabu wa ndani. Labda ardhi ya ndani haichoki. Bwana Mifugo, usiandike, mimi nasifu tu.

Ndugu zangu, mnajua mlivyoniita. Wazazi wangu waliniita Lutengano, na kwa Kinyakyusa maana yake ni amani. Ninyi mkaniita Sindano. Nilipokuwa nikipanda kilima, mtoto wa kwanza kuniona alipiga kelele "Sindanooo!" na mlima mzima ulihama. Wanaume walikuwa na safari za ghafla. Wanawake walifunika vibuyu. Mama Tupokigwe, usiangalie chini, wewe siku moja uliniambia mume wako amekwenda kuzikwa! Ulitaka kusema amekwenda kuzika, lakini woga ulikuwa umekushika ulimi, nami nikakupa pole, na mzee mwenyewe akapiga chafya nyuma ya ghala.

Chekeni, chekeni tu. Niliwahi hata kuposa. Ilikuwa miaka ya thelathini, nilipohamishiwa Iringa mara ya kwanza. Palikuwa na msichana wa Kihehe anaitwa Matilda, ambaye alikuwa ananisalimia kanisani bila kuangalia begi langu la dawa, na hilo peke yake lilinitosha kumpenda. Nikatafuta mshenga. Mshenga akatangulia kwa baba yake, Mzee Filemoni, akamwambia, "Kesho anakuja yule bwana wa ng'ombe." Akasahau kusema anakuja kwa shauri gani. Nilipofika na viatu vyangu vipya, mavi ya zizini bado yalikuwa yanafuka, lakini ng'ombe hakuna hata mmoja.

"Kamwene, bwana," akasema Mzee Filemoni. "Sisi ni maskini, kama unavyoona."

Nikamwambia, "Baba, sikuja kuhesabu. Nimekuja kwa ajili ya Matilda."

Yule mzee akaviangalia viatu vyangu vipya. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe kitu ukikihesabu kinapungua. Na mimi binti ninaye mmoja tu."

Mimi mwenyewe nikikumbuka hucheka. Lakini siku ile nilirudi mjini kwa miguu, na sikumtuma mshenga tena mahali popote. Ndiyo sababu leo hamwoni mama wa nyumbani amekaa pale mbele akinikonyeza ninyamaze. Nilikuwa mpweke, ndugu zangu. Nalitamka neno hilo hadharani kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na tano. Nilikula peke yangu, niliugua peke yangu, na Krismasi ya huko Mlandege, mjini Iringa, nilikuwa naimba pambio nikiwa nimeufunga mlango ili majirani wasinihurumie.

Hata hivyo sikuwa na haki ya kulalamika, maana nilikuwa na rafiki mmoja. Nilimpoteza mwenyewe, hakuna aliyenipokonya. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wageni wetu niwaeleze desturi moja ya huku mlimani, wenyeji mnivumilie. Sisi hatuweki ng'ombe wote kwenye zizi moja. Tunalishiana. Nampa rafiki yangu ng'ombe, anamtunza, anamkamua, watoto wake wanakunywa maziwa, na ndama tunaelewana. Ugonjwa ukiingia kwangu, kwako atabaki mmoja wa kuanzia. Tena mtu mwenye ng'ombe wako zizini hawezi kukusahau, kwa kuwa kila jioni anamkamua. Mtu asiyelishiwa ng'ombe na yeyote, kwetu tunamhesabu kama mpita njia.

Na adabu yake ni hii. Mgeni akija akauliza, "Ng'ombe huyu wa nani?", anayelisha hasemi "wa fulani." Anasema, "Wangu." Kumtaja mwenyewe mbele ya mgeni ni sawa na kulalamika kwamba umebebeshwa mzigo. Ni mwenye ng'ombe peke yake, kama yupo, anayeruhusiwa kusema, "Hapana, huyo wangu, ndugu yangu ananilishia." Hapo wote wawili hucheka, na mgeni anajua amefika kwa watu wanaopendana.

Rafiki yangu aliitwa Asukile. Wazee mnamkumbuka, mrefu, ana mwanya, anaongea polepole mpaka unatamani kumsaidia. Tulichunga pamoja, tukajenga vibanda vyetu vya ujana ukuta kwa ukuta. Nilipoingia kazini mwaka 1929, baba yangu alinipa mtamba mwekundu wa uzao wa yule aliyeanza naye baada ya vita. Nikampeleka kwa Asukile. Hatukuandikiana. Tulikunywa maziwa tu, mkewe Sekela alituletea. Yule mtamba akazaa, akazeeka, binti yake akashika nafasi yake, na kwa miaka ishirini na miwili kila nilipopita Ilomba nilijua kuna nyumba moja ambayo haitanifunikia kibuyu.

Mwaka 1951 ikaja amri. Huku mlimani zizi moja lisizidi ng'ombe wanane, wanaozidi waende mnadani. Tulifika kwa Asukile asubuhi, mimi na Bwana Mifugo wa wakati ule, ambaye sasa amekwisha kurudi kwao. Zizini walikuwamo kumi na mmoja. Sita wake. Wanne wa majirani. Mmoja wangu. Kama kila mmoja angehesabiwa kwa mwenyewe, hakuna hata kwato moja ambayo ingetoka pale. Nani alijua hivyo kuliko mimi?

Bwana Mifugo akaniambia, "Muulize, hawa wote ni wake?"

Nikamuuliza Asukile, "Bwana anasema, ng'ombe hawa wa nani?"

Asukile akanitazama. Akatabasamu kidogo, mwanya ukaonekana. Akasema, "Wangu."

Kisha akangoja. Mnaelewa, jamani? Alikuwa amesema neno lake kwa adabu, sasa ilikuwa zamu yangu. Mimi mwenye ng'ombe nilikuwa nimesimama pale, tena mimi ndiye niliyekuwa na lugha zote mbili. Nilitakiwa kucheka na kusema, "Bwana, huyo mwekundu wangu, na wale wanne ni wa majirani, ndivyo tunavyoishi huku." Maneno kumi na matatu tu. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile.

Nikageuka nikamwambia Bwana Mifugo, "Anasema wote ni wake."

Kwa nini? Kulikuwa na sheria kwamba msaidizi wa Bwana Mifugo haruhusiwi kuwa na mifugo kwenye eneo analolisimamia, na mimi nilikuwa naye mmoja kwa siri miaka yote. Niliogopa kuvuliwa hii kofia. Hakuna sababu nyingine, msinitafutie. Nilikuwa mwoga.

Bwana Mifugo akainua vidole vitatu, akasema achague mwenyewe watakaotoka. Na Asukile akachagua. Aliwapita wale wanne wa majirani. Alimpita yule mwekundu wangu, akamsukuma kwa kiganja ubavuni, taratibu, arudi ndani. Akatoa watatu wake, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akimkamulia mtoto wao mdogo. Alibaki na watatu wake na watano wa watu, na bado alisema ni wake wote.

Tulipofika njiani alinifuata. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa. Aliniuliza tu, "Lutengano, umesahau lugha?"

Nikamjibu, "Sheria ni sheria." Mdomo huu huu ndio uliojibu hivyo.

Mama Sekela anainuka. Mwacheni, mama zangu, msimshike nguo. Mpisheni apite. Mume ni wake, na habari hii anaisikia mara ya kwanza kutoka kwangu, mbele ya watu wote, bila hodi. Mtu akitaka kuondoka kwenye maneno kama haya aondoke. Mchungaji, hapana, usimfuate.

Niendelee. Nimeanza, lazima nimalize.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa tena Iringa, nikapanga chumba Mlandege. Mwaka 1953, asubuhi moja, nikasikia hodi. Nje amesimama Jailos, mtoto mkubwa wa Asukile, mtu mzima na ndevu zake, miguu imepasuka, na kamba mkononi. Mwisho wa kamba yupo ng'ombe wangu mwekundu. Alikuwa ametembea naye siku kumi na saba kutoka hapa mpaka pale, akilala kwa watu. Nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa. Nikamuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Kisha akanipa kamba.

"Baba amesema nikwambie, huyu ni wako."

Wenyeji naona mmeinamisha vichwa. Wageni, kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Kurudishiwa ng'ombe ni kuambiwa, tangu leo sikujui. Angenipiga rungu ningepona.

Na bado hamjasikia lililo baya zaidi. Jailos alipopita karantini ya Igawa, askari alimuuliza ng'ombe ni wa nani, naye kwa kuwa nyumba yao haikuwa inanilishia tena, akasema, "Wa Bwana Sindano." Habari ikafika ofisini. Nikaitwa. Nilikwenda nimekwisha kuivua kofia nimeibeba mkononi niikabidhi mwenyewe. Bwana Mifugo yule yule, naye alikuwa amehamishiwa Iringa, akacheka. Akasema, "Lutengano, ng'ombe mmoja! Kwa nini hukuniambia? Ningekuandikia kibali dakika ile ile."

Dakika ile ile! Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka wakafunga. Kile nilichokuwa nakiogopa hakikuwapo. Nilikuwa nimemuuza Asukile kwa kivuli.

Basi nikaishi na ng'ombe wangu Mlandege. Nilimkamua mwenyewe asubuhi na jioni. Mtu mmoja atakunywa maziwa kiasi gani? Nikawa nayagawa. Jirani yangu Juliana, Mungu ambariki, alikuwa anayapokea, ila aliyachemsha mara tatu, kwa sababu alisema mikono yangu imeshika magonjwa ya nchi nzima. Wengine walishukuru wakayamwaga, niliukuta mfereji mweupe. Kila jioni nilipokuwa nakamua nilikuwa nasema maneno yale kumi na matatu, peke yangu, na ng'ombe ananisikiliza. Mngenipita mngesema mzee amepata wazimu.

Nilipanga kuja kumwomba radhi. Nilisema mvua zikiisha. Kisha nikasema baada ya chanjo. Kisha nikasema nikipata likizo. Asukile akafariki mwaka 1955, mwezi wa tatu, kwa homa. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu alikuja amekwisha kukomaa.

Nilifika siku ya tatu ya matanga. Watu walinipisha kwenye benchi, wakaacha nafasi ya watu wawili kila upande. Mama Sekela ni mtu wa heshima, hakunifukuza. Aliniletea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Nikakiangalia. Kilikuwa na maji.

Ndugu zangu, maji si kitu kibaya. Mgeni yeyote hupewa maji. Nilikunywa yote, nikarudisha kikombe, nikarudi Mlandege.

Edmund, mwanangu, wewe unayeshika kazi yangu kuanzia leo, simama watu wakuone. Mnamwona alivyonyooka? Kofia imemkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Edmund, dawa unazijua, kuhesabu unajua, Kiingereza chako kinanipita. Nina neno moja la kukuachia. Ukifika kwenye zizi ukauliza, "Wa nani?", na mtu akakujibu "Wangu," usiandike bado. Uliza mara ya pili. Uliza, "Na unamlishia nani?" Kisha umwambie aliyekutuma yote uliyosikia, yote, hata kama na wewe umo humo ndani. Wakubwa wetu hawakujua swali la pili, na siwalaumu kwa wasichokijua. Mimi nililijua.

Bwana Shauri, umenikubalia kiwanja hapa Ilomba nijenge nyumba ya uzeeni, nashukuru kwa moyo wote. Chifu, uliweka saini yako, nashukuru. Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Lakini kwao mtu ni wapi? Ni kiwanja? Naweza kujenga nyumba ya bati hapa nikaendelea kuishi Mlandege humo ndani.

Ndiyo maana mizigo sijashusha. Yule mtamba mwekundu pale langoni ni binti wa ng'ombe aliyerudishwa. Sikumleta awe malipo ya wale watatu. Hawalipiki, na aliyechagua kuwatoa amelala kaburini. Sikumleta kuwa zawadi pia, maana zawadi humfunga mtu aseme asante. Nimekuja kuomba kama nilivyoomba mwaka 1929, wakati sikuwa na kofia. Namtafuta mtu wa kunilishia ng'ombe.

Sharti la josho mnalijua, ni sharti langu mwenyewe. Kila ng'ombe akifika langoni Edmund atauliza, "Wa nani?", na asiye na mwenyewe hapiti. Wenu watapita mmoja mmoja, na mtaitika. Yule mwekundu atakuwa wa mwisho. Akiulizwa, mimi sitaitika. Kukiwa kimya, msione haya, msimsukume mtu, wala mtu yeyote asiitike kwa huruma, nitaijua sauti ya huruma, nimeishi nayo. Mika atampandisha kwenye lori na tutaondoka kurudi Iringa kabla giza halijaingia, na sitakuwa na kinyongo na nyumba yoyote ya mlima huu.

Siombi kusamehewa. Aliyepaswa kunisamehe nilichelewa kwake. Na mkewe mmemwona alivyoinuka na kuondoka, na ana haki, nami nimekwisha kupata jibu langu kwa upande wa nyumba ile. Nilitaka tu lile neno nililolimeza miaka sita litoke likiwa na watu wa kulisikia. Huyo mwekundu alikuwa wangu, na Asukile alikuwa ananilishia. Nimesema. Bwana Shauri, ukipenda nikugeuzie kwa Kiingereza, leo nitageuza yote.

Nawashukuru wazee kwa kunisikiliza bila kuninyamazisha. Nawashukuru akina mama kwa vibuyu ambavyo tangu asubuhi sijaona hata kimoja kimefunikwa. Nawashukuru vijana kwa kutoanguka ukutani. Didas, hotuba yako nitakurudishia, itamfaa mwingine. Kama nimemkosea mtu kwa maneno, anivumilie. Kama nimemkosea kwa kunyamaza, ndiyo hayo niliyosema. Sasa nitanyamaza, na safari hii sinyamazi kwa woga.

Edmund, fungua lango, waanze kupita.

Lakini ngoja. Ngoja kwanza, Edmund. Nani yule amesimama nyuma ya mtamba wangu? Jua linanipiga machoni. Amejifunga kanga, ana fimbo ya kuswagia. Jamani, ni Mama Sekela? Mimi nilidhani amekwenda nyumbani. Mmeona ninyi alivyozunguka?

Hajasema kitu. Hata mimi sisemi. Asanteni sana ndugu zangu kwa masikio yenu na kwa subira yenu.

Edmund, anza na huyo wa mwisho. Uliza. Uliza kwa sauti, na mimi nisikie.